Nafasi ya Msamiati wa Biolojia katika Kiingereza cha Kuanzia: Maoni Kutoka Madarasa ya Jioni ya Magomeni

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, baina ya mwezi Septemba ambapo wanafunzi wa darasa la saba humaliza mtihani wao na mwezi Januari ambapo kidato cha kwanza hufunguliwa, mitaa ya Magomeni huchipuza shule ambazo hazimo katika orodha yoyote ya serikali. Ni vyumba vya uani, mabaraza yaliyoezekwa kwa bati, na pengine kumbi za sherehe ambazo hazina shughuli siku za kazi. Humo mna ubao mmoja, mabenchi ya kuazima, na mwalimu mmoja ambaye aghalabu ni kijana aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuoni. Wenyewe huyaita masomo hayo "prifomu wani". Yapo Mapipa, yapo Mwembechai, yapo Mikumi, na ng'ambo ya bonde la Msimbazi yamejaa Kariakoo pia, juu ya maduka.

Jambo lililomfanya mwandishi wa makala hii ashike kalamu ni kwamba katika mengi ya madarasa aliyoyatembelea, Kiingereza cha kuanzia hakifundishwi kwa salamu, wala kwa hadithi, wala kwa mazungumzo ya mnunuzi na mwuzaji kama vitabu vya lugha vielekezavyo. Hufundishwa kwa biolojia. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Mwalimu analo daftari lake la zamani la kidato cha kwanza. Mzazi analipa ili mtoto aingie shuleni akiwa "ameshasoma". Fizikia na kemia zinataka vifaa, na biolojia inataka chaki na mchoro tu. Basi mtoto ambaye hajui kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza hufunguliwa lugha hiyo kwa mlango wa seli, mizizi na utumbo mwembamba.

Jioni moja, katika darasa mojawapo la namna hiyo, binti wa miaka 13 alisimama akaulizwa maana ya "photosynthesis". Alijibu kwa sentensi ndefu ya Kiingereza, bila kusita na bila kukosea hata herufi, na wenzake wakampigia makofi. Baada ya darasa tuliokota jani la mwarobaini uani tukamwuliza kwa upole jina lake kwa Kiingereza. Hakuwa nalo. Alilitazama jani, akatutazama sisi, akacheka kwa haya, kisha akasema kwa Kiswahili fasaha kwamba hilo ndilo jiko la mmea, mahali usanisinuru unapofanyika, na kwamba mmea ukinyimwa mwanga jani huwa la manjano kwa sababu jiko limezimika. Maarifa alikuwa nayo yote. Alikuwa nayo tangu shule ya msingi.

Makala hii inatetea mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka huonekana kupingana. La kwanza ni kwamba walimu hawa wa uani, bila kujua, wameangukia njia nzuri: msamiati wa msingi wa biolojia ni mlango wa kufaa sana wa kumwingiza mtoto katika Kiingereza. La pili ni kwamba kauli hiyo haigeuziki. Kutokana na kufaa kwa biolojia katika kufundishia Kiingereza hatuwezi kuhitimisha kwamba Kiingereza kinafaa katika kumfundishia biolojia mtoto huyo huyo. Kuchanganya kauli hizi mbili, kwa maoni yetu, ndiko kunakowagharimu watoto wa Magomeni.

2.0 Mpaka wa Januari

Historia ya suala hili inafahamika kwa wasomaji wa kurasa hizi, kwa hiyo tutaigusa tu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985, na baadaye hadi chuo kikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliuacha mpaka pale pale ulipokuwa. Sera ya 2014, iliyozinduliwa mwaka 2015, ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, na wengi tulishangilia. Lakini toleo lake la 2023 liliiacha sekondari mikononi mwa Kiingereza. Hata elimu ya msingi itakapokuwa ikikomea darasa la sita, kama mfumo mpya unavyoelekeza, mpaka utasogea mwaka mmoja tu nyuma. Mtoto bado atauvuka kwa mguu, usiku mmoja, kutoka lugha moja hadi nyingine.

Wanaoishi Masaki au Oysterbay hawauoni mpaka huo, kwa kuwa watoto wao walikwisha kuuvuka wakiwa na miaka mitatu katika shule za awali za kulipia. Mtoto wa Magomeni huuona. Ndiyo maana kuna prifomu wani, na ndiyo maana mama anayeuza vitumbua alfajiri hutenga fedha kwa ajili yake kabla ya kutenga fedha za kiatu.

3.0 Kwa Nini Biolojia Inafaa

Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850 aliyoamini kuwa yanatosha kwa mgeni kuelewana na watu kwa Kiingereza. Humo, miongoni mwa majina ya vitu vinavyoweza kuchorwa, mna jani, mzizi, shina, mfupa, ubongo, moyo, tumbo, msuli, neva, chungu, nyuki na yai. Hakuwa akiandika kitabu cha biolojia. Alikuwa akitafuta maneno ya lazima, na maneno ya lazima yakawa kwa sehemu kubwa mwili wa mtu na viumbe vinavyomzunguka. Miaka zaidi ya 20 baadaye Morris Swadesh, aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa, yaani maneno yasiyobadilika upesi katika lugha yoyote ile, alifika karibu na hapo hapo: damu, mfupa, yai, jani, mzizi, ngozi, mkia, jino, ulimi. Mwanaisimu wa Kibantu hatashangaa. Katika Kiswahili, "jino", "yai", "jani", "moyo" na "ini" ni urithi wa kale, ingawa "damu" tumeiazima kwa Waarabu na haikutupunguzia kitu.

Kwa hiyo msamiati wa msingi wa biolojia na msamiati wa msingi wa lugha vimelaliana. Hilo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba vitu vyenyewe vipo. Mwalimu wa Magomeni hana maabara, lakini ana mwarobaini uani, ana mende jikoni, ana samaki wa Feri katika sinia la mchuuzi, na mvua zikinyesha ana mbu wa bonde la Msimbazi katika kila kopo lililotupwa. Neno linalofundishwa mbele ya kitu hudumu kuliko neno linalofundishwa mbele ya neno jingine.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo husahauliwa. Mtoto aliyemaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili si mtupu. Anajua mmeng'enyo wa chakula unaanzia mdomoni. Anajua kazi ya figo. Anajua kwamba malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Anapokutana na neno "kidney" hana haja ya kufundishwa figo ni nini. Anahitaji jina la pili tu la kitu alichokwisha kukijua. Huo ni mzigo mwepesi. Anapokutana na "mitochondrion" hali ni nyingine, kwani hapo hana jina wala kitu, na kumtwisha vyote viwili kwa pamoja, tena katika lugha asiyoijua, ni kumwonea.

Utaratibu wa haki ungekuwa kuanza na kundi la kwanza na kukaa nalo kwa miezi. Daftari za uani hufanya kinyume. Muhtasari wa Biolojia uliotumika kwa miaka mingi kabla ya mabadiliko ya mtaala ya 2023 ulikuwa na mada ya muundo wa seli katika mwaka wa kwanza, na mwalimu kijana, akitaka kuonyesha kwamba darasa lake ni la juu, hukimbilia huko. Mtoto anakuwa na "cytoplasm" kabla ya kuwa na "leaf".

4.0 Pale Lugha Mbili Zinapoukata Ulimwengu kwa Visu Tofauti

Walimu wengi huamini kwamba maneno magumu ya biolojia ni yale marefu yenye asili ya Kiyunani na Kilatini. Uchunguzi wetu mdogo unaonyesha vingine. Neno refu ni gumu kwa tahajia tu. Likishakaririwa halina hila, kwa sababu halina maisha mengine nje ya darasa. Maneno yenye hila ni yale mafupi ambayo mtoto anadhani anayajua.

Chukua "tissue". Mtoto wa Magomeni analijua neno hilo tangu utotoni: tishu ni karatasi laini ya kufutia mkono penye banda la chipsi. Akisoma kwamba moyo umejengwa kwa tishu hucheka, au, jambo ambalo ni baya zaidi, hachekei wala haulizi. Chukua "cell". Kiswahili cha mjini kina "selo", chumba cha mahabusu kituoni, na Kiswahili cha kitabuni kina "seli". Hayo ni neno moja lililoingia kwetu kwa milango miwili. Robert Hooke, alipotazama kipande cha koki kwa hadubini na kuandika habari zake mwaka 1665, aliviita vile vyumba vidogo alivyoviona kwa jina la vyumba vya kulala watawa. Mwalimu akilisema hilo kwa dakika mbili, kwa Kiswahili, neno "cell" halitamtoka mtoto kichwani maisha yake yote. Chukua pia neno letu wenyewe, "kiini". Mtoto anakijua kiini cha yai. Ukimwambia kwamba kila seli ina kiini, na usimweleze zaidi, atatafuta umanjano.

Kuna maneno ambayo Kiswahili huyaunganisha na Kiingereza hutenganisha. "Mkono" wetu unaanzia begani hadi ncha za vidole, na Kiingereza kinaukata mahali pa kiwiko cha mkono pale saa inapovaliwa. "Kidole" ni cha mkono na cha mguu. "Majani" ni ya mti na ni ya kulisha mbuzi. Lakini hakuna neno linalofundisha zaidi kuliko "mshipa". Kwa Kiswahili cha kila siku mshipa unaweza kupeleka damu kutoka moyoni, kuirudisha moyoni, kupeleka maumivu kwenye ubongo, na hata kumlaza mtu kitandani akisema "nina mshipa". Wataalamu wetu wa istilahi walikwisha kulishughulikia: tuna "ateri", "vena" na "neva", na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa sehemu ya kazi hiyo kubwa, kama vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA kabla yake. Katika madarasa ya jioni tuliyoyatembelea hatukuiona kamusi hiyo hata mara moja. Mwalimu huandika ubaoni kwamba "artery" ni mshipa, na mistari miwili chini yake kwamba "vein" ni mshipa, na akifika mfumo wa fahamu huandika kwamba "nerve" ni mshipa. Watoto wananakili. Mmoja wao alikuwa ameweka alama ya kuuliza pembezoni, na hakuinua mkono.

Kwa upande mwingine yapo maneno ambayo sisi huyatenganisha na Kiingereza huunganisha. Mmea ni mpunga, punje ni mchele, chungu kikiiva ni wali; Mwingereza ana "rice" tu. Nazi ina umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mtoto anayejua hatua hizo amekwisha kujifunza somo la ukuaji wa tunda kabla ya mtu yeyote kumwandikia "growth" ubaoni, na inasikitisha kwamba hakuna mwalimu anayemwuliza.

Mfano wa viluwiluwi ni mzuri zaidi kwa sababu unagusa afya. Kwa Kiswahili viluwiluwi ni watoto wa mbu na pia ni watoto wa chura, kwa kuwa wote huogelea madimbwini na wote wana mkia. Mtoto wa kipepeo ni kiwavi. Mtoto wa inzi ni buu, au funza. Lugha yetu imewapanga kwa mahali wanapoishi na sura wanayoonekana nayo, jambo ambalo halina aibu yoyote. Biolojia inawapanga kwa namna wanavyobadilika: mbu, kipepeo na inzi hupitia hatua ya lava kisha ya pupa, na chura hana pupa. Somo zima la mageuzi ya wadudu limo katika kuyapatanisha maneno hayo manne ya Kiswahili na neno moja la kigeni. Mji huu umepata milipuko ya dengi, ukiwamo ule wa 2014, na tangu 2004 ulikuwa na mpango wa kuua viluwiluwi mitaani ili kupunguza malaria. Kujua kwamba kile kinachochezacheza ndani ya kopo ndicho mbu wa wiki ijayo ni elimu inayookoa maisha. Kwa "larva" iliyokaririwa peke yake, kopo halimwagwi.

Halafu kuna sokoni. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, lakini mafungu ya nyanya hayakuondoka mitaani. Mpeleke mtoto penye mafungu hayo na umwulize yapi ni matunda. Ataonyesha embe, papai na chungwa. Nyanya, bamia, biringanya na tango kwake ni mboga, na atakuwa amesema kweli kwa Kiswahili chake, maana mboga kwa watu wengi wa bara ni chochote kinachoshushia ugali, hata samaki. Kwa mwanabiolojia bamia ni tunda: limetokana na ua, na ndani lina mbegu. Ubishi utakaozuka hapo kati ya watoto, tunaapa, ni somo bora kuliko kurasa kumi za daftari. Na mwisho wa ubishi huo maneno "fruit", "seed" na "flower" yatakuwa yamepata mahali pa kukaa.

Neno "mnyama" nalo lina kisa chake. Katika mazungumzo yetu tunasema "wanyama, ndege na samaki", kana kwamba ni jamii tatu, na kumwita mtu mnyama ni kumtukana. Sentensi ya kitabuni inayomwingiza binadamu katika kundi la wanyama huwakwaza watoto na wakati mwingine huwakwaza wazazi wao. Lakini ajabu ni hii: sarufi ya Kiswahili ilikwisha kufanya kazi ya mwanabiolojia karne nyingi zilizopita. Kiroboto ana umbo la ngeli ya KI-VI, chura vilevile, nyuki ana umbo jingine, na wote hao wakishika kitenzi hutumia A-WA pamoja na binadamu: kiroboto anauma, vyura wanaruka, nyuki amekufa. Mti, hata ukiwa hai, hauingii humo. Hata mashaka ya wanasayansi yamo katika sarufi yetu. Bakteria "wanaongezeka", husema wengi. Lakini virusi "vinaenea" kwa mmoja na "wanaenea" kwa mwingine, na wanabiolojia wenyewe hawajakubaliana kama kirusi ni kiumbe hai. Mwalimu anayejua Kiswahili chake ana hazina hapa. Anayeambiwa aache Kiswahili mlangoni anaiacha hazina hiyo mlangoni.

5.0 Kitenzi Kilichosahauliwa

Kasoro kubwa ya daftari za prifomu wani ni kwamba zimejaa majina. Tulihesabu katika daftari moja maneno zaidi ya 70 ya Kiingereza yaliyopigiwa mstari, na vitenzi havikufika 5. Mtoto anaweza kutaja sehemu zote za ua na asiweze kusema kwamba ua linavuta nyuki.

Tatizo hili limezidishwa na tabia ya Kiingereza cha sayansi kupenda majina yaliyotokana na vitenzi. Sifa za viumbe hai hufundishwa kama orodha ya majina saba: "movement", "growth", "reproduction" na kadhalika. Kiswahili hakina ugumu huo. "Kukua" ni kitenzi na ni jina kwa wakati mmoja. Tunasema "mmea unakua" na tunasema "kukua kwa mmea" bila kubadili neno. Mtoto aliyezoea kitenzi-jina cha aina hiyo haoni kwa nini "grow" na "growth" ziwe maneno mawili, na hakuna anayemwambia. Ingekuwa afadhali aanze na sentensi fupi zilizo hai, kwamba viumbe hula, hukua, husogea, huzaa, hufa, na majina yafuate baadaye. Vitenzi kama 20 vinatosha kuanzia: kubeba, kunyonya, kutoa, kulinda, kugawanyika, kuoza na vingine vya jamii hiyo. Kwa 20 hivyo na majina 50 ya vitu anavyovijua, mtoto anaweza kuzungumza Kiingereza. Kwa majina 70 peke yake anaweza kukariri tu.

Juu ya wingi tutasema machache. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno, Kiingereza hubadilisha mkia wake, na maneno yanayovunja kanuni ya Kiingereza yamejazana mwilini na miongoni mwa wadudu: "teeth", "feet", "lice", kisha "bacteria" na "larvae". Mtoto mwenye ngeli kichwani haogopi wingi wa aina nyingi. Aelezwe tu.

6.0 Pingamizi

Wapo wenzetu watakaosema kwamba kwa hoja hizi tunaihalalisha prifomu wani, na kwamba msomi wa Kiswahili hapaswi kumsaidia mtoto kuuvuka mpaka ambao haukupaswa kuwapo. Pingamizi hili tunaliheshimu. Halima Mwinsheikhe, aliyekuwa mwalimu wa biolojia kabla ya kuwa mtafiti, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyochangamka somo la sayansi linapofundishwa kwa Kiswahili. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell walikwisha kuandika mwaka 1997 juu ya mgogoro huu wa lugha, na mradi wa LOITASA ukaendelea kuuchimba. Hatuna ushahidi wa kuwapinga, na hatutaki kuwapinga.

Ila Januari inafika. Mtoto aliyemaliza darasa la saba mwaka huu hawezi kuambiwa angoje sera. Na tukikaa kimya kuhusu namna anavyofundishwa Kiingereza uani, hatumkingi na kitu. Tunamwachia daftari la mshipa, mshipa na mshipa.

Pingamizi la pili hutoka upande wa wapenzi wa Kiingereza, nalo husema: kama biolojia inafundisha Kiingereza vizuri hivyo, si ndiyo sababu ya kufundisha masomo yote kwa Kiingereza? Hapa ndipo tunaposimama imara. Fikiria fundisho kwamba mmea hujitengenezea chakula. Kila mtoto wa mjini amewahi kusikia kwamba mbolea ni chakula cha mimea. Mambo haya mawili yanagombana, na darasa la biolojia lenye afya ni lile ambamo mtoto mmoja atasimama na kusema, "Lakini mwalimu, mbona tunaweka mbolea?" Swali hilo ndilo sayansi. Kulijibu kunamtaka mwalimu atofautishe chumvichumvi zinazonyonywa na mizizi na sukari inayotengenezwa jani linapopata mwanga, na linamtaka mtoto abishe tena, na tena. Mtoto mwenye maneno 120 ya Kiingereza hawezi kubisha. "Mbona" haimo katika daftari lake, na hata mtaalamu atahangaika kuitafsiri. Basi hukaa, hunakili, hukariri, na mtihani wa taifa, ambao maswali yake ya biolojia ni kwa Kiingereza, humkuta akiwa na sentensi nzuri isiyokuwa na mbolea wala jani ndani yake.

Kuna njia ya katikati ambayo imekwisha kujaribiwa hapa nchini. Katika miaka ya 2010 mradi uliowashirikisha Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Bristol, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Taasisi ya Elimu Tanzania uliandika sura za mfano za vitabu vya kidato cha kwanza, biolojia ikiwa mojawapo ya masomo yake. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, palikuwa na faharasa ya Kiswahili, na wanafunzi walialikwa kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Lawama yetu ni ndogo lakini tunaitoa: faharasa yenye neno moja mbele ya neno jingine haitoshi. Panapoandikwa "artery" pasiandikwe "mshipa" wala pasiandikwe "ateri" peke yake. Paandikwe mstari mmoja wa Kiswahili unaosema ni mshipa upi, unatoka wapi na unakwenda wapi. Panapoandikwa "fruit" patajwe bamia.

Kazi ya kuandika mistari hiyo ni ya wanafunzi wetu wa idara hii, hasa wale wanaosomea ualimu wa Kiswahili pamoja na Biolojia. Kila mwaka hupelekwa mazoezi ya kufundisha, na baadhi yao hupangiwa shule za Kinondoni na Ilala, mwendo mfupi tu kwa mabasi ya mwendokasi kutoka Magomeni. Kila mmoja akikusanya maneno 30 kutoka vinywani mwa watoto wenyewe, kwa maana watoto wanazozijua, katika muda wa miaka miwili au mitatu tutakuwa na kijitabu cha kurasa 40 kinachoweza kuchapwa kwa bei ya vitumbua vichache na kuuzwa Kariakoo penye daftari na kalamu. Maneno ya kwanza tumekwisha kuyapata: jani, mshipa, kiluwiluwi, bamia.